Samaki wa Kuachiwa

Kwa wavuvi wa Watamu, mwaka hauanzi Januari. Unaanza upepo unapogeuka. Kuanzia Desemba hadi Machi ni kaskazi: bahari imetulia, maji yanaona chini, na sulisuli wanapita nje ya mwamba. Baada ya mvua za masika huja kusi, na hadi Septemba mawimbi hupiga mlango wa mwamba kiasi kwamba mwenye mtumbwi hawezi kutoka. Mjomba wangu amevua zaidi ya miaka 40, na hata umri wa watoto wake huuhesabu kwa pepo. Huyu alizaliwa kusi, yule alizaliwa kaskazi ile ya jodari wengi.

Mimi nilirudi nyumbani mwanzo wa kaskazi, nina shahada na sina kazi. Mjomba hakuniuliza maswali. Alinipa mshipi, ndoana mbili na chubwi la risasi, akaniambia nisichelewe alfajiri. Wiki chache baadaye jirani yetu, ambaye hutembeza wageni, alinipatia kibarua cha kusaidia wageni wanaovua kwa ndoana zilizovishwa manyoya. Kwa lugha yao ndoana hiyo huitwa nzi, ingawa wanaotengenezewa samaki wa baharini hufanana zaidi na kidagaa au uduvi. Basi mwaka wangu ukawa wa mishipi miwili.

Mishipi hiyo hutupwa kwa namna mbili tofauti. Mshipi wa mjomba huvutwa na chubwi: uzito uko mwishoni, uzi unafuata. Kwa wale wageni, uzito uko kwenye uzi wenyewe, ambao ni mnene na umepakwa plastiki. Manyoya hayana uzito wowote. Unaurusha uzi nyuma ya kichwa, unasubiri unyooke hewani, kisha unausukuma mbele, nao unaibeba ndoana. Nilijifunza ufuoni maji yakiwa yamekupwa, huku ndoana ikinipiga masikioni. Mjomba alinitazama kwa muda mrefu, halafu akauliza, “Mwanangu, unafukuza kunguru?”

Kusoma maji, lakini, ni kulekule. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo huja bamvua, na maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Yakianza kutoka, hupitia mianya ya mwamba, yakikokota vidagaa, na kolekole husubiri hapo mlangoni kama watu wanaosubiri matatu. Hayo yote nilifundishwa na mjomba. Wageni waliponiuliza tusimame wapi, nje ya mipaka ya hifadhi, nilikuwa nikiwauzia elimu yake. Siku moja ya kuwaongoza ilinilipa kuliko siku tatu nzuri za mjomba baharini. Nikawa namkatia fungu, naye akawa analipokea bila kulihesabu mbele yangu.

Mwezi wa Februari mgeni mmoja alinasa kolekole mkubwa kuliko wote niliowahi kuwaona kwa karibu. Alipambana naye karibu nusu saa. Alipomfikisha, alilowesha mikono kwanza, kwa kuwa mkono mkavu hubandua ute unaomkinga samaki na maradhi. Akaitoa ndoana, ambayo haikuwa na kijino cha nyuma, akapigwa picha moja, kisha akamshika samaki ndani ya maji, kichwa kikielekea mkondo, mpaka mkia ukapata nguvu. Akamwachia. Wageni walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshamgawanya kichwani: kichwa cha supu, minofu ya mchuzi, na kipande cha kupeleka kwa jirani.

Usiku nilimsimulia mjomba. Aliuliza jambo moja tu. “Aliondoka mzima?”

“Mzima.”

“Basi mmemchezea.” Akaendelea kuzungusha mshipi kwenye kibao. “Aliyeshiba anaweza kumchezea samaki.”

Sikuwa na jibu. Yule mgeni hakuwa mtu mbaya, na alijua kumtunza samaki kuliko wengi wetu. Ila aliporudi hotelini, chakula kilikuwa mezani tayari.

Kusi lilipoingia wageni wakaisha, na kibarua changu nacho kikaisha. Mimi na mjomba tukawa tunavua usiku Mida Creek, kwenye kivuli cha mikoko, ambako upepo haufiki kwa nguvu. Ndani ya hifadhi ya Watamu, iliyotengwa mwaka 1968, hairuhusiwi kuvua kabisa, lakini kule kwenye hori uvuvi wa kienyeji unakubaliwa. Kuna usiku tuliopata tasi watano. Kuna usiku tuliorudi na changu watatu wa kutosha sahani moja, na mke wa mjomba akaongeza tui la pili, halafu la tatu, mpaka mchuzi ukawa mweupe kuliko sima.

Katika usiku mmoja wa aina hiyo mjomba alimtoa changu ndoanani, akampima kwenye kiganja, akamtupa majini. Hakukuwa na kamera wala makofi. Ndani ya mtumbwi tulikuwa na samaki wawili tu.

“Mbona umemwacha?”

“Sikumwacha. Nimemrudisha. Yule hajazaa.”

Nililifikiria neno lile mpaka tukafika ufuoni. Nilidhani kumwachia samaki ni anasa iliyoletwa na wageni, kumbe mjomba alikuwa akifanya hivyo tangu kabla sijazaliwa. Tofauti ni kwamba alikuwa akirudisha kitoweo chake mwenyewe.

Siku chache baadaye tuliona juya likikokotwa ufuoni. Ni wavu ambao sheria ya Kenya imeukataza tangu 2001, maana macho yake madogo hayachagui. Ndani yake mlikuwa na changu wa kidole kimoja, tasi kama majani ya mwembe, na nyasi za baharini zilizong’olewa. Nilikasirika, nikasema tukaripoti. Mjomba aliwataja wanaolikokota mmoja mmoja: huyu mkewe mgonjwa, yule kijana aliacha shule kwa karo. “Ripoti,” aliniambia, “lakini uwe umeshajua watakula nini jioni.” Kwenye kikao cha kamati ya wavuvi mmoja wao alisimama akauliza, “Mnatuambia turudishe wadogo. Wageni wakirudisha wakubwa wanalipwa sifa. Sisi tukirudisha tunalipwa na nani?”

Swali hilo bado ninalo. Bahari yetu inahitaji watu warudishe samaki, hilo mjomba analijua bila kuambiwa na mtafiti. Lakini gharama ya kurudisha hailingani kwa kila nyumba, na mara nyingi anayepongezwa ni yule asiyepoteza chochote.

Kaskazi iliporudi, nami nikarudi kwa wageni, na sharti moja. Samaki wa kwanza wa siku mwenye ukubwa wa kufaa ni wa kula, na anakwenda kwa wavuvi wanaonionyesha mahali pa kusimama. Wengine wote warudi majini. Wengi walikubali. Mmoja alisema hajasafiri mbali hivyo kuja kuua samaki, akatafuta kijana mwingine, na siku hiyo sikulipwa. Niliporudi nyumbani mapema mjomba hakuuliza sababu.

Jioni hiyo nilimpa ndoana yangu moja ya manyoya aishike. Macho yake yana ukungu siku hizi, kwa hiyo huona kwa vidole. Aliipapasa, akacheka. Alisema babake alikuwa akifunga manyoya ya jogoo mweupe kwenye ndoana, akiyaburuta nyuma ya dau kutafuta jodari. Waliacha nailoni na chambo cha dukani vilipoenea. Akataka kujua hao wageni wanafunga fundo gani, nikamwonyesha, naye akanionyesha la babake, ambalo ni fupi na halilegei.

Tangu hapo tunavua kwa fundo hilo. Jogoo mweupe wa pale nyumbani bado ana sauti, ila mkia umepungua.