Shauri la Mwamba

Maamuzi ya kijiji kidogo hayavumi mbali. Hayapigiwi mizinga, na aghalabu mwandishi wa tarehe hupita karibu nayo asiyatazame. Hata hivyo, hakuna amri imgusayo mtu upesi kuliko amri ya mahali pake. Sheria ya nchi nzima huweza kupita juu ya kichwa cha mvuvi kama wingu, ikatia kivuli isinyeshe. Lakini neno lililokatwa barazani jana, leo limo katika chungu chake. Kwa hivyo atakaye kujua kama watu wanatawaliwa vema au vibaya asiishie katika majumba makubwa. Aende pia kijijini, aulize ni nani aliyeketi, ni nani aliyesema, na ni nani aliyekuja kuambiwa baadaye.

Pemba ina desturi ya kale katika mambo hayo. Kabla ya utawala wa Mabusaidi kisiwa kilikuwa na madiwani wake, nao walikuwa wenye amri. Wakati wa himaya ya Waingereza, iliyoanza 1890, serikali ilisema na watu wa mashamba kwa kinywa cha mudiri na sheha. Leo neno diwani lingalipo, ila maana yake imehama: ni mtu aliyechaguliwa kwa kura kuisemea wadi yake katika baraza. Sheha naye yupo, lakini hapigiwi kura. Kwa sheria za Zanzibar za 1998 na 2014 huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, na kando yake huwapo baraza la kumshauri. Basi mwanakijiji ana mmoja aliyempandisha yeye mwenyewe, na mwingine aliyeteremshiwa. Huyu wa pili ndiye aliye karibu naye zaidi. Ndiye ajuaye nani kahamia, nani agombana na nani kwa mpaka, na barua ya nani yangoja saini. Ukaribu huo ni nguvu kubwa, lakini asili ya cheo chake humfundisha kutazama juu kabla ya kutazama kando.

Katika ncha ya kusini ya Pemba, wilaya ya Mkoani, kuna Kisiwa Panza, ambacho msafiri hukifikia kwa chombo kutoka Chokocho. Watu wake huishi kwa bahari. Katika muongo wa 2010, kwa msaada wa shirika la Mwambao, walijaribu jambo jipya: kuufunga sehemu ya mwamba kwa muda wa miezi michache, pasivuliwe pweza humo, kisha kuufungua kwa siku iliyokubaliwa. Mfano ulikwisha kuonekana Bukini, katika kijiji cha Andavadoaka, mwaka 2004. Hoja yake ni nyepesi. Pweza ana umri mfupi, mwaka mmoja au zaidi kidogo, lakini hukua kwa haraka ya ajabu. Aliye mdogo leo, akiachwa miezi mitatu, huzidi uzito wake mara kadhaa. Jike hutaga mara moja tu katika maisha yake, hukaa juu ya mayai pasipo kula, na yakisha kuanguliwa hufa. Amtoaye pangoni kabla ya siku hizo hula mtaji pamoja na faida.

Hesabu hiyo haina kosa. Lakini hesabu ya samaki ni moja, na hesabu ya watu ni nyingine. Mwamba unapofungwa, hasara haigawanyiki sawasawa. Mwanamume mwenye mtumbwi na miwani ya kuzamia huweza kwenda mbele zaidi, kwenye kina, akatafuta changu au tasi. Mwanamke avuaye kwa miguu hana pengine pa kwenda. Yeye hungoja bamvua, maji yakupwe, atembee juu ya mawe na kijiti chake mkononi, achokoe pango hata pango kabla maji hayajajaa. Pweza mmoja ni unga, mafuta ya taa, daftari la mtoto. Ukimwambia miezi mitatu, umemwambia miezi mitatu ya unga.

Wahenga walisema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Usemi huo una hekima, ila una mlango ulioachwa wazi. Mzee ajua mengi; lakini aliyeacha kukanyaga mwamba miaka ishirini iliyopita hajui pango lipi lina pweza mwaka huu, wala hatalala na njaa kwa sababu limefungwa. Baraza la wazee watupu huweza kukata neno zuri sana juu ya mali ya mtu asiyekuwapo. Na neno la namna hiyo halivunjwi kwa maandamano. Huvunjwa kimya kimya, alfajiri, na mtu mmoja mwenye kikapu, kisha na jirani yake aliyemwona, kisha na wote. Mwenye amri husema watu hawa hawana nidhamu. Huenda hawana, lakini kwanza aulize kama walipewa nafasi ya kusema kabla ya kupewa agizo la kutii.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kijiji kikiachwa peke yake kitajiweza. Bahari haina ukuta. Wavuvi wa Pemba wana mila ya dago, yaani kuhama kwa majuma wakifuata samaki, na mwamba uliopumzishwa na kijiji kimoja huwa kishawishi kwa mgeni ambaye hakuketi barazani na hakuahidi kitu. Mgeni huyo hawezi kuzuiwa kwa maneno ya heshima tu. Hapo ndipo mkono wa serikali uhitajiwapo. Mwaka 2005 bahari ya magharibi ya Pemba ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi, lijulikanalo kwa jina la PECCA, na kamati za wavuvi za shehia zikapewa sehemu katika ulinzi wake. Kamati hujua mwamba, lakini haina mahakama. Serikali ina mahakama, lakini haiujui mwamba. Sheha aliye mwema husimama katikati, akaipa kauli ya kijiji muhuri, asitumie muhuri kuinyamazisha kauli.

Tena iko siku ya kufungua, nayo ni mtihani kuliko siku zote za kufunga. Watu hujaa mwambani, wa karibu na wa mbali. Wanunuzi hungoja pwani. Pasipokuwa na mapatano juu ya nani aingie kwanza, na saa ngapi, wenye mbio na vyombo watachukua saburi ya wanyonge kwa asubuhi moja. Mwanamke aliyevumilia miezi mitatu ataona faida ya uvumilivu wake ikipimwa katika mizani ya mtu mwingine. Safari ya pili akiitwa barazani, hatakuja. Au atakuja, akubali kwa kichwa, na moyoni akatae.

Kwa hivyo uamuzi wa kijiji haupimwi kwa uzuri wa shabaha yake tu. Upimwe kwa swali gumu zaidi: aliyeombwa kutoa kingi alisikizwa kiasi gani, na zilipokuja faida alirudishiwa nini? Mwenye kiti akiwa na jibu la maswali hayo mawili, hana haja ya walinzi wengi. Akikosa jibu, ataweka maboya baharini na karatasi ukutani, na kila maji yakupwapo atatazama mwambani kwa wasiwasi.