Nuru kwa Nchi Iliyotangulia Kuingia Gizani

Kila mwaka, mwezi wa Desemba unapokaribia kwisha, makanisa ya Kenya, yale makubwa ya mawe mijini na yale ya mabati huko vijijini, hupambwa kwa matawi na karatasi za rangi. Kwaya huimba, watoto hungoja kwa hamu wali na nyama, na mhubiri hufungua kitabu cha nabii Isaya na kusoma habari za nuru iliyoahidiwa. Habari hizo zimesomwa mara nyingi mno hata zimekuwa kama wimbo wa kubembelezea mtoto: zapendeza masikioni, wala hakuna aulizaye maana yake. Lakini Isaya hakuwa akisema juu ya giza la kubuni. Aliitaja nchi kwa majina yake, Zabuloni na Naftali, na kila aliyemsikia alijua ni msiba gani uliokuwa umeipata.

Zabuloni na Naftali zilikuwa sehemu za kaskazini za Israeli, katika milima na mabonde yaliyo upande wa magharibi wa Ziwa la Galilaya. Ilikuwa nchi ya rutuba, nayo ilikuwa njiani. Jeshi litokalo Ashuru halikuwa na budi kuipitia kabla ya kufika kwingine. Yapata mwaka 732 kabla ya Kristo, Tiglath-pileseri mfalme wa Ashuru aliishambulia, akaitwaa miji yake, akawahamisha watu wake. Samaria, mji mkuu wa ufalme ule, ulisimama miaka kama kumi zaidi, kisha nao ukaanguka. Yerusalemu ulisimama zaidi ya miaka mia baada ya hapo. Basi wa kwanza kuingia gizani walikuwa hao wa mpakani. Na watu wa kusini, kama ilivyo desturi ya walio salama, pengine walikwisha kuwahesabu kuwa wamepotea.

Ni hao hao ambao nabii alisema kwamba nuru itawazukia. Na alipoeleza nuru hiyo ni kitu gani, hakutaja farasi wala boma. Alitaja kuzaliwa kwa mtoto. Mtu aliyechomewa nyumba na kuchukuliwa nduguze, akiambiwa kwamba dawa ya msiba wake ni mtoto mchanga, aweza kudhani anafanyiwa mzaha. Yafaa jambo hili likumbukwe na kila asimamaye mimbarani siku ya Noeli, kwani mbele yake kuna watu wa namna hiyo: mama aliyemzika mwanawe mwaka huo huo, mzee ambaye shamba lake limeuzwa kwa deni. Hao hawawezi kushibishwa na karatasi za rangi.

Miaka zaidi ya mia saba ilipita. Waashuru waliondoka, wakaja Wababeli, Waajemi na Wayunani, na mwaka 63 kabla ya Kristo Pompeyo, jemadari wa Kirumi, aliingia Yerusalemu. Baadaye Warumi walimweka Herode awe mfalme kwa niaba yao. Katika muda huo wote Wayahudi walimngoja Masihi. Neno hilo ni la Kiebrania, na Kristo ni neno lile lile kwa Kiyunani. Maana yake ni mpakwa mafuta, kwa kuwa wafalme na makuhani wa Israeli walipakwa mafuta walipotiwa kazini. Wengi walitazamia mfalme wa ukoo wa Daudi ambaye angewafukuza wageni kwa upanga. Hapana haki ya kuwacheka kwa hayo. Herode alipokufa, mwaka 4 kabla ya Kristo kama wanachuoni wengi wanavyohesabu, watu wa Galilaya waliondoka na silaha. Na Yosefo, mwandishi wa historia wa Kiyahudi, asimulia kwamba Varo, liwali wa Kirumi wa Shamu, aliupeleka moto katika mji wa Sefori na kuwatia watu wake utumwani. Mji huo ulikuwa umbali wa maili 4 hivi tu kutoka Nazareti. Aliyelelewa Nazareti alilelewa katikati ya watu waliokumbuka moshi ule.

Katika siku za mwisho za Herode huyo ndipo alipozaliwa Yesu, huko Bethlehemu. Luka asema kwamba wa kwanza kupewa habari walikuwa wachungaji waliokuwa wakilinda kundi usiku. Watu wengine wote walikuwa wamelala. Wachungaji walikuwa macho kwa sababu kazi yao yawataka wawe macho, na gizani ndiko mwizi na mnyama mkali wanakotoka. Walionyeshwa utukufu mkubwa, lakini ulipoondoka, usiku ulikuwa bado usiku. Alama waliyoachiwa ilikuwa ndogo kuliko zote: mtoto aliyevikwa nguo za kitoto, amelazwa mahali pa kulishia ng'ombe.

Siku yenyewe ya kuzaliwa haikuandikwa katika Injili. Sikukuu ya tarehe 25 Desemba yaonekana kwanza katika kumbukumbu za Roma za mwaka 354, na ni majira ya nchi za kaskazini ambako wakati huo usiku ni mrefu na baridi ni kali. Watu wa huko huifananisha kwa urahisi habari ya Noeli na kurudi kwa jua. Mtu wa Kenya hana mfano huo. Akaapo karibu na ikweta, mchana na usiku wake ni karibu sawa mwaka mzima, na mwezi wa Desemba, mvua za vuli zikiisha, jua huwaka kuliko atakavyo. Pengine hii ni faida, maana hawezi kudhani kwamba nuru inayohubiriwa ni ile ya angani. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili nao walichagua neno nuru, wakafanya vyema. Kwani mwanga, ingawa ni neno zuri, lina ndugu yake mbaya, na mwanga achezaye uchi usiku hapendwi na mtu yeyote kijijini.

Mathayo ni mwandishi mkweli. Hakuficha kwamba baada ya nyota na mamajusi na dhahabu yao walikuja askari, na watoto wa Bethlehemu wakauawa. Masihi alikuwa amezaliwa, na Herode alikuwa bado na ufalme wake. Mkristo anayesema kwamba tangu usiku ule giza limekwisha, hajaisoma sura ya pili ya Injili hiyo mpaka mwisho. Kilio cha mama wa Bethlehemu kimo ndani ya habari njema yenyewe, wala hakuna aliyethubutu kukiondoa.

Kilio hicho kilisikika pwani ya Kenya pia, tangu siku za kwanza za misheni. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na C.M.S., alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe. Mwezi wa Juni alianza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na wakati huo mkewe alikuwa mja mzito. Mwezi wa Julai bibi huyo alijifungua mtoto wa kike, na katika muda wa siku chache mama na mtoto walikufa wote wawili, na Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa. Huyo mtu aliyekuja kuhubiri kuzaliwa kwa mtoto, jambo la kwanza alilofanya karibu lilikuwa kumzika wake. Hakurudi kwao. Aliendelea na maneno yake ya Kiswahili, na mwaka 1846, alipofika mwenzake Rebmann, wakafungua kituo Rabai. Kama alikuwa na tumaini, si lile la mtu ambaye mambo yamemwendea vyema.

Luka amewataja wazee wawili wenye tumaini la namna hiyo. Simeoni alikuwa akingoja, na Ana, mjane, alikuwa hekaluni usiku na mchana katika kufunga na kusali. Yusufu na Mariamu walimleta mtoto yapata siku arobaini baada ya kuzaliwa, kama Torati ilivyoamuru, nao walitoa sadaka ya maskini, yaani ndege wawili, kwa kuwa hawakuweza kununua mwana-kondoo. Simeoni akampokea mikononi, akasema kwamba sasa yu radhi kufa, na kwamba mtoto huyu ni nuru hata kwa mataifa yasiyo ya Israeli. Yafaa kufikiri aliona nini. Hakuona mgonjwa akiponywa, wala hakusikia mahubiri yoyote. Na wageni walikuwa bado watawala wa nchi. Aliona mtoto mchanga asiyeweza kushika shingo yake. Tena alimwambia mama yake, pale pale, kwamba moyo wake utachomwa. Mzee yule hakumdanganya, na kwa sababu hiyo maneno yake mengine yaaminika.

Katika Hekalu hilo hilo palikuwa na desturi ambayo Wakristo wengi hawaijui. Mishna, kitabu cha mapokeo ya Wayahudi, chaeleza kwamba katika Sikukuu ya Vibanda vinara vikubwa vya dhahabu viliwashwa katika ua wa wanawake, na kwamba tambi zake zilitengenezwa kwa suruali na mishipi mikuukuu ya makuhani. Nguo zilizochakaa kwa utumishi hazikutupwa. Zilipasuliwa, zikachovywa katika mafuta, zikawaka, na hapakuwa na ua katika Yerusalemu ambao haukupata nuru ile. Yohana aeleza kwamba Yesu alikuwa Hekaluni katika sikukuu hiyo, na kwamba alijiita nuru ya ulimwengu alipokuwa akifundisha penye chumba cha hazina, ambacho wengi hudhani kilikuwa katika ua huo huo. Huenda vinara vile vilikuwa vimekwisha kuzimwa. Waliomsikia walijua nuru ya siku chache ni kitu gani, na jinsi mji unavyorudi gizani sherehe ikiisha.

Alikuwa amekulia wapi? Baada ya Herode kufa, Yusufu hakukaa Uyahudi. Alimchukua mtoto na mama yake mpaka Nazareti, mahali palipokuwa zamani nchi ya Zabuloni. Na Yesu alipoanza kazi yake, aliondoka Nazareti, akaenda kukaa Kapernaumu, mji wa wavuvi kando ya ziwa, katika Naftali. Angaliweza kuanza Yerusalemu penye Hekalu na wanachuoni. Alianza katika nchi ambayo Waashuru waliianzia, miongoni mwa watu ambao wa kusini waliwadharau hata kwa matamshi yao.

Marko aisimulia siku moja ya Kapernaumu. Ilikuwa siku ya Sabato. Yesu alitoka katika sinagogi, akaingia nyumba ya Simoni, akamkuta mkwewe Simoni amelala ana homa. Akamshika mkono, akamwinua, naye mama yule akaenda kuwaandalia chakula. Habari zikaenea, lakini kwa ajili ya Sabato watu hawakuweza kubeba wagonjwa wao mchana. Walingoja. Jua lilipokwisha kutua na giza kuingia, wakaja na wagonjwa wao, mji mzima, wakasimama mlangoni.