Punda amechoka, lakini wetu alikuwa ameumia

Wasee, kila bei ya unga ikipanda naona mnaposti "punda amechoka". Nacheka, halafu nanyamaza. Mimi nimelelewa na punda, na sisemi kwa mafumbo. Ni punda wa miguu minne anayeitwa Waziri. Guka alimpa hilo jina kwa sababu ukimwita haji mpaka aamue mwenyewe.

Kwa wale hamjui Thika vizuri: Guka anakaa upande wa Kiganjo na anauza maji. Ana mkokoteni mmoja unaovutwa na punda wawili, Waziri na Bahati, mitungi 20 ya lita 20. Piga hesabu, hizo ni kilo 400 kabla hujaongeza chuma na magurudumu. Mfereji ukikauka Makongeni, watu wanaanza kumsalimia Guka kwa heshima ambayo jana hawakuwa nayo. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwa hayo maji, mtungi baada ya mtungi.

Machi 2022 mvua ilikuwa imegoma tena na biashara ilikuwa moto. Tukirudi mtaani na mzigo, Waziri akatumbukiza mguu wa mbele wa kushoto kwenye mtaro usio na kifuniko, na mkokoteni ukaendelea kumsukuma. Hakuanguka wala hakulia. Alisimama tu, ncha ya kwato ikigusa chini kama mtu anayepima joto la maji ya kuoga. Mimi nikasema amestuka, twende. Guka akafungua kamba palepale na tukasukuma mkokoteni kwa mikono mpaka nyumbani, nikitukana kimoyomoyo.

Daktari wa mifugo alikuja na boda jioni. Akapapasa mguu kutoka goti kushuka chini, polepole, akimwangalia Waziri masikio. Punda huficha maumivu, alituambia, kwa sababu porini anayechechemea ndiye anayeliwa kwanza. Ukiona punda anakataa kukanyaga, jua ameshavumilia sana. Akafika mahali nyuma ya mfupa, juu kidogo ya kifundo, Waziri akavuta mguu.

"Mfupa uko sawa, mzee. Ni kano."

Guka akasema asante Mungu. Daktari akamwambia asifurahi haraka.

Hii sehemu ndiyo sikuwa najua, na nadhani wengi wenu hamjui. Kuanzia goti kwenda chini, mguu wa mbele wa punda au farasi hauna msuli. Ni mfupa, kano na ngozi. Kuna kano moja imeshikilia kifundo kisishuke mpaka chini kila anapokanyaga, kama mkanda wa begi. Ikichanika nyuzi zake, mwili unaiponya, lakini damu inayofika pale ni kidogo sana ukilinganisha na msuli au ngozi. Kwanza inajazwa na kovu laini lililopangwa ovyo, nyuzi zinaangalia kila upande. Halafu kwa miezi mingi zile nyuzi zinajipanga upya kufuata mvuto wa mguu. Ukimpa kazi kabla hazijajipanga, zinakatika tena palepale. Ukimfungia asitembee kabisa, hazipati kitu cha kuzielekeza. Kwa hivyo dawa ni kutembea kidogo, kwa kipimo, na kungoja.

"Kungoja mpaka lini?" nikauliza.

"Miezi sita mkibahatika. Hata mwaka."

Manze. Mwaka, na mitungi inangoja mlangoni.

Farasi wa mbio pale Ngong Road akiumia hivyo anaweza kukaa nje msimu mzima na hakuna anayeshangaa. Kuna zizi, kuna saisi wa kumtembeza, kuna mashine ya kupiga picha ya kano ionekane imepona kiasi gani. Daktari alituambia tungeweza kumpeleka Kabete, kwa wale wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Lakini lori la kumbeba Waziri kwenda na kurudi lingekula pesa ya wiki kadhaa. Mashine yetu ikawa vidole vya Guka.

Kesho yake broka akafika. Sijui nani humwambia. Akatoa elfu kumi na mbili, taslimu, pale pale. Msisahau ni miaka gani hii. Vichinjio vya punda vilikuwa vimefunguliwa nchini kuanzia 2016, nyama na ngozi vikipelekwa nje, na ngozi inaishia China kutengeneza dawa ya ejiao. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 Kenya, ile ya 2019 ikapata karibu milioni 1.2. Serikali ikapiga marufuku biashara hiyo Februari 2020, mahakama ikaondoa marufuku mwaka uliofuata. Punda mzima akawa na bei, na punda kiwete akawa na bei pia, hiyo ndiyo ilikuwa mpya. Zamani punda akiumia ulikuwa na sababu ya kumuuguza kwa sababu hakuna mtu angemnunua.

Mimi ndiye nilisema tumuuze. Naandika hapa wazi kwa sababu nimewahi kuposti video za Waziri mkidhani mimi ni mpenzi wa wanyama. Nilikuwa na miaka 19 na nilimwambia Guka, "Guka, elfu kumi na mbili tunaongeza kidogo tunapata mwingine." Akaniuliza kama goti lake likikataa kabisa nitamuuza kwa nani. Goti lake ni bovu, kila mtu Kiganjo anajua. Sikujibu.

Siku za kwanza ni maji baridi mguuni, dakika ishirini, mara tatu kwa siku. Sasa fikiria hiyo picha: mwaka wa ukame, mtaa unapanga foleni na mitungi mitupu, na muuza maji amesimama nyuma ya nyumba anamwagia punda maji mguuni. Jirani mmoja alikuja kutuuliza kama tumeenda wazimu. Guka akaweka beseni chini, maji yaleyale yakarudi kwenye mtungi, yakamwagwa tena, mpaka yakawa na rangi ya chai. Baadaye alinyunyizia sukuma wiki. Tukafunga bandeji miguu yote miwili ya mbele, kwa sababu mguu mzima ndio unabeba uzito wa mgonjwa na unaweza kuumia pia. Dawa ya maumivu tulifuata ratiba ya daktari. Kumbe mwili wa punda unaimaliza ile fenilbutazoni haraka kuliko wa farasi, kwa hivyo ukimkopia farasi kipimo unamwacha na maumivu.

Halafu kuna Bahati. Daktari alisema tusiwatenganishe. Punda akiachwa peke yake anaweza kususa chakula, na punda asiyekula, mafuta ya mwilini yanamwagika kwenye damu, anakufa kwa huzuni ya siku chache huku mguu ukiwa unapona vizuri tu. Kwa hivyo Bahati akafanya kazi nusu siku, mitungi minane, na mchana anarudi kusimama kando ya banda la mabati. Mapato yetu yalianguka vibaya. Tulikula githeri mpaka nikaota githeri.

Wiki ya nne tukaanza kumtembeza. Dakika tano asubuhi, tano jioni, kwenye njia tambarare, Guka akiangalia saa ya simu kama refa. Kila wiki mbili tunaongeza kidogo. Kufika wiki ya kumi Waziri alikuwa anatembea sawa kabisa. Hachechemei. Hata alijaribu kuniuma, dalili nzuri.

Na hapo ndipo nilifanya ujinga wangu. Guka alienda mazishi Gatanga, siku mbili. Mimi nilikuwa natafuta pesa ya taa ya kupigia video. Ndiyo, ile taa ya duara. Nikajiambia mnyama amepona, macho yangu yanaona. Nikawafunga wote wawili, nikapakia mitungi kumi na miwili, wala sio ishirini, nikajiona hata nimekuwa mwangalifu.

Safari ya kwanza poa. Ya pili poa. Ya tatu, tukishuka, nikaona kichwa chake kinapanda kila mguu wa kushoto ukigusa chini. Kichwa cha punda kinaruka hivyo akijaribu kukwepa uzito. Nikashika mguu. Ulikuwa moto.

Kuacha kuchechemea na kupona ni vitu viwili tofauti, daktari alikuwa ametuambia hivyo siku ya kwanza, na mimi nilikuwa natumia simu akiongea. Maumivu huisha miezi mingi kabla kano haijawa na nguvu. Wachezaji wa mpira mnalijua hili, nyinyi mnaorudi uwanjani mkiwa na goti "linajisikia poa".

Guka aliporudi nilimwambia ukweli kabla hajakaa. Nilitarajia makelele. Alienda bandani, akapapasa, akakaa kwenye jerikeni muda mrefu mgongo wake ukinielekea. Kisha akasema, "Rudia moja."

Yaani maji baridi, beseni, bandeji, dakika tano. Wiki kumi zilienda hivyo, na githeri ikarudi. Ile kazi yote ya asubuhi ikawa yangu, saa kumi na moja na nusu, kabla ya darasa. Hakuwahi kunikumbusha kosa lenyewe, na hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko makelele. Broka alirudi mara mbili. Mara ya pili mimi ndiye nilimfukuza, ingawa kusema ukweli sikuwa na haki ya kujifanya shujaa.

Waziri alirudi kwenye mkokoteni Februari 2023, miezi kumi na moja baada ya mtaro. Mwaka mmoja baadaye, Februari 2024, Umoja wa Afrika ukakubaliana kupiga marufuku biashara ya ngozi za punda bara zima. Nilimsomea Guka habari hiyo. Akauliza kama wamesema lolote kuhusu vifuniko vya mitaro.

Sasa hivi mkokoteni unabeba mitungi kumi na minne, basi. Wateja wanalalamika, Guka anawaambia wachote mtoni. Pale kwenye kano pamebaki uvimbe mdogo mgumu, na kila jioni kabla ya kula naenda kuushika. Jana ulikuwa baridi.