Kijiji cha Watu 499

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika imani. Tuwasomeshapo watoto chuoni Hadithi hiyo, wao hufikiri mwiba na jiwe. Leo, ndugu wasomaji, twapenda kueleza udhia mkubwa zaidi, nao ni kukosa njia yenyewe, na khasa pale inapokoseka kwa sababu watu ni wachache.

India ina vijiji zaidi ya laki 6, na katika hesabu ya 2011 watu wapatao milioni 833 walikuwa wakikaa mashamba. Tarehe 25 Disemba 2000 serikali ya huko ilianza mpango wa kufikisha barabara ya kupitika mvua na jua katika kila kitongoji chenye watu 500 au zaidi. Penye milima, jangwa na makabila ya asili, watu 250 walitosha. Basi kitongoji cha nchi tambarare chenye watu 499 kikawa nje ya mpango. Hatusemi kuwa kanuni hiyo ni ya dhulma, kwani fedha hazitoshi kila mahali, na vitongoji vilivyo karibu, ndani ya mita 500, viliruhusiwa kujumlishwa pamoja. Lakini mama mwenye uchungu wa uzazi, katika kitongoji cha watu 200, uchungu wake haupungui kwa uchache wa jirani zake. Naye huchukuliwa mabegani, juu ya kitanda cha kamba, mpaka njia kuu.

Jirani yetu mmoja, ambaye wazee wake walitoka Kutch, alikwenda kuwazuru jamaa zake. Basi lilimshusha njia kuu, akakaa chini ya mwarobaini kungoja pikipiki ya mpwawe. Aliporudi tulimwuliza kijiji kile kina watu wangapi. Akacheka, akasema, "Maalim, wauliza waliohesabiwa au waliobaki?" Vijana walikuwa wamekwenda Mumbai kutafuta riziki.

Jibu lake limetukaa moyoni. Watu huhama kwa kukosa njia, na wakihama idadi hupungua, na idadi ikipungua njia huzidi kuwa mbali. Wazee na watoto ndio wanaobaki ndani ya duara hilo.

Katika jimbo la Bihar, kijiji cha Gehlaur, palikuwa na kibarua maskini, Dashrath Manjhi. Mlima uliwatenga watu wake na mji, na inasimuliwa kuwa mkewe, Falguni Devi, aliumia mlimani akafa. Manjhi akashika nyundo na patasi mwaka 1960, akaukata mlima mpaka 1982, njia ya urefu wa mita 110 hivi. Safari ya kilomita 55 ikawa 15. Watu walimwita mwendawazimu. Hakuwa Muislamu, lakini sisi twamtaja kila tusomeshapo Hadithi ile, wala hatuoni haya. Alifariki 2007.

Na imepokewa kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alikhofu kuulizwa na Mwenyezi Mungu juu ya mnyama atakayejikwaa Iraq kwa kutotengenezewa njia. Mnyama mmoja tu, wala hakutaja idadi.

Penye barabara mpya, wataalamu waliona wanafunzi wa madarasa ya kati wakizidi, na wanaume wengi wakiacha vibarua vya shamba kwenda kufanya kazi nyingine. Mwaka 2024 serikali ilipitisha sehemu ya nne ya mpango, kwa vitongoji 25,000 vilivyosalia. Lakini idadi inayotazamwa ni ile ile ya 2011, kwani hesabu ya 2021 iliahirishwa kwa maradhi ya Korona, na mpya imetangazwa kuwa ya 2027. Mtoto aliyezaliwa 2012 katika kitongoji kilichoandikwa watu 499 amekwisha kuwa kijana sasa. Kila siku ya masomo hukanyaga matope kwenda shule, wala hamo katika daftari.