Bundi wa Dari Letu

Kuna mgeni mmoja ambaye akihamia kwako, ndugu wa pande zote mbili watapiga simu kabla hata hujajua anakula nini. Mgeni huyo ni bundi.

Wetu aliingia mwaka 2021, masika ikiishia, kupitia upenyo uliobaki kati ya bati na fisha bodi. Tunaishi Kiromo, kabla hujafika Bagamoyo mjini, kwenye kiwanja ambacho zamani kilikuwa shamba la mikorosho na minazi. Kama na wewe ulinunua kiwanja Mapinga, Kerege au Zinga ili kukwepa bei za Dar, unayajua maisha haya: asubuhi chozi wananyonya maua, mchana ngedere wanaiba embe, usiku komba analia kama mtoto mchanga. Mume wangu aliwapenda wote hao. Kamera ni yake, na picha za chozi zimejaa kwenye kompyuta yetu. Ila bundi, hapana.

Sababu ilikuwepo. Wiki ileile mama yake alilazwa kwa presha. Shangazi mmoja akapiga simu: “Usiku ule huko kwenu mlisikia nini?” Mume wangu akasema ukweli. Basi, ikawa kesi.

Kila mtu akaja na dawa yake. Ziba tundu. Choma pilipili. Weka sumu. Jumamosi nikaona fundi anaingia getini na ngazi. Nilimwambia mwenzangu kwamba juu mle kuna vifaranga, tunawasikia wakikoroma. Akanijibu kwa sauti ya chini: “Mimi siamini hayo mambo. Lakini mama akifa, nitajiambia nini?”

Jamani, swali kama hilo huwezi kulijibu kwa kusema “huo ni ushirikina”. Mwenzio akiogopa kumpoteza mama yake, ukimcheka umeshindwa ubishi na ndoa kwa pamoja. Nilimwomba kitu kimoja: wiki moja. Yeye apige picha, mimi niandike saa. Fundi akarudi na ngazi yake.

Tukaweka viti viwili chini ya mkorosho, taa za nje tukazima zote isipokuwa moja ya mbali. Flashi hatukutumia, maana mwanga wa ghafla unamchanganya ndege anayewinda gizani. Usiku wa kwanza tulipata vivuli tu. Wa pili, mbu. Usiku wa tatu, saa moja na nusu, alitua kwenye ukingo wa paa: uso mweupe wenye umbo la kopa, macho meusi, na panya mdomoni. Mpaka saa nne alikuwa ameleta panya sita. Niliandika kila mmoja.

Huyu si yule bundi wa kuguna kwenye miti. Ni bundi wa kwenye majengo, anayepatikana karibu dunia nzima. Haimbi, anapiga ukelele mkali na kufoka, ndiyo maana anayeamshwa naye usiku wa manane anafikiria msiba. Kwa kawaida hutaga mayai 4 hadi 7, huyaatamia kama mwezi mmoja, na vifaranga huanza kuruka wakiwa na wiki nane hivi. Humeza panya mzima, kisha hutapika manyoya na mifupa kama kidonge kikubwa cheusi. Mume wangu alikipasua kimoja kwa kibanio, akatoa fuvu dogo la panya, akaniita kama mtoto aliyeokota sarafu. Malaysia, wenye mashamba ya michikichi huwajengea bundi hawa masanduku ili wawapunguzie panya.

Na sumu je? Panya aliyekula sumu mara nyingi hafi palepale. Hutembea akiwa amelegea, bundi humkamata kirahisi, na sumu ile inahamia kwa bundi na watoto wake.

Tulichojifunza kingine kilituchekesha. Kila bundi alipochungulia kabla giza halijaingia, kunguru walimzomea. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu asili yao ni India. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wasafishe takataka, wakaenea hadi huku bara. Wanakula mayai na makinda ya ndege wetu. Lakini kunguru akitua juu ya bati, hakuna shangazi anayepiga simu.

Mama alipotoka hospitali alikuja kupumzika kwetu. Nilimpa picha mkononi. Amelima mpunga Ruvu maisha yake yote.

“Huyo mdomoni ni panya?”

“Ndiyo, mama.”

“Kwa usiku mmoja anakula wangapi?”

“Juzi tulihesabu sita, na hapo tulienda kulala saa nne.”

Akanyamaza kidogo. “Basi akae, mwanangu. Lakini si juu ya kitanda changu.”

Tukakubaliana hivyo. Vifaranga waliporuka, na baada ya kuhakikisha hakuna aliyebaki ndani, fundi alirudi kuziba ule upenyo. Sanduku la mbao tulilifunga kwenye mkorosho wa mwisho, mbali na vyumba vya kulala. Mwaka ule lilikaa tupu. Mwaka 2022 lilipata mpangaji. Mama yupo, presha yake inatulizwa na vidonge vya hospitali, na bundi hana sifa wala lawama katika hilo.

Ukitaka kujaribu na mwenzi wako, huhitaji kamera ya bei mbaya. Kaeni mbali, msipande ngazi kuchungulia kiota, na picha ya kiota msiiweke mtandaoni pamoja na mahali kilipo. Gawaneni kazi: mmoja ashike kamera, mwingine daftari. Mtashangaa jinsi mnavyoelewana vizuri mkiwa mnatazama kitu kimoja, gizani, bila simu mkononi. Mume wangu hakushindwa na hoja zangu. Alitazama mwenyewe, usiku baada ya usiku, mpaka hofu ikakosa cha kushika.