Chuo Kimoja, Megabiti Ngapi?

Jumanne, 4 Machi 2025
Mkuu wa chuo cha ualimu hapa Tanga ameshapiga hesabu yake ya intaneti: wanachuo 400, kila mmoja megabiti 2.5 kwa sekunde, jumla 1,000. Bei aliyotajiwa imemtoa jasho. Nimemwomba aniachie kwanza nichungulie ruta. Watu 400 hawafungui video kwa mpigo, kama vile mji mzima usivyopiga simu dakika moja. A. K. Erlang wa kampuni ya simu ya Copenhagen alishalikokotoa hilo mwaka 1917: mzigo ukiwa sawa na simu 10 kwa wakati mmoja, laini 18 zinatosha ili simu moja tu kati ya 100 ikose njia. Si 10, maana wastani hudanganya. Wala si 400.

Alhamisi, 6 Machi
Grafu ya ruta imenichekesha. Magharibi mstari unadondoka karibu na sifuri: watu wako kwenye futari. Baada ya tarawehe unapaa, na saa kumi alfajiri kuna kilima kingine, cha daku. Ndiyo Tanga hiyo. Ila siwezi kukadiria mwaka mzima kwa mwezi wa Ramadhani. Nitapima tena Idi ikipita.

Jumanne, 11 Machi
Kelele nyingi zinatoka bweni la wasichana, ghorofa ya juu. Ajabu ni kwamba laini ya sasa, megabiti 30, haijajaa hata saa za kelele hizo. Tatizo liko hewani. Kifaa cha Wi-Fi kimefungwa korido ya chini, kinatumia gigahezi 2.4, na simu zote zinapokezana zamu. Iliyo karibu inapokea kwa megabiti 65. Ya ghorofani, nyuma ya zege, inashuka hadi 6.5. Faili ileile inakula muda mara kumi, na wengine wanangoja kama foleni ya bombani nyuma ya mwenye madumu. Juu ya hayo, kifaa cha bweni la jirani kimewekwa chaneli 3, kinavuruga ya 1 na ya 6 pia. Nani aliichagua, sijui. Hapo ukiongeza megabiti za mtoa huduma unamwaga hela. Na ile 300 iliyoandikwa kwenye boksi ni ya muuzaji; ukipata nusu yake, shukuru.

Jumatano, 9 Aprili
Kilele cha kawaida ni saa tatu usiku, wanachuo kama 100 mtandaoni. Nikichukulia 20 wako kwenye video kwa megabiti 2.5, ni 50. Waliobaki 80, WhatsApp na kurasa, nawapa 0.2 kila mmoja: 16. Jumla 66. Naongeza theluthi kwa ajili ya simu zinazojisasisha zenyewe bila kuuliza mtu: 88. Barua yangu kwa mkuu itasema 100 za kupakua, na 20 za kupakia, kwani mazoezi ya kufundisha yakianza kila mtu hutuma video ya somo lake.

Kisha vifaa vya gigahezi 5, kimoja kila ghorofa, na chaneli za vifaa vya zamani zirudi 1, 6 na 11.

Ijumaa, 11 Aprili
Mkuu amesoma, hakugusa hizo 100. Ameuliza tu fundi wa kuvuta nyaya ghorofani anakuja lini, na nani atamlipa.