Rosa Mistika na Mwandishi Wake
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Sita

Katika maktaba ya shule yetu kuna kitabu kimoja ambacho hakikai rafuni. Kikirudishwa asubuhi, jioni kimekwisha andikiwa jina jingine katika daftari la maktaba. Jalada lake limeshonwa kwa uzi mara mbili, na kurasa zake za mwisho zimelainika kama kitambaa. Kitabu hicho ni Rosa Mistika, nacho ni riwaya ya mapenzi.

Muhula huu Chama chetu cha Midahalo kilijadili hoja isemayo kwamba riwaya za mapenzi ziondolewe shuleni. Mimi nilikuwa upande wa kupinga, na upande wetu ulishindwa kwa kura chache. Mhariri amekubali kunipa nafasi katika gazeti hili, nami naona yafaa niseme yale ambayo dakika zangu tano hazikutosha kuyasema. Zaidi ya yote nataka kueleza habari za mtu aliyekiandika kitabu hicho, maana wengi waliokilaumu siku ile hawakumjua mwenyewe.

Euphrase Kezilahabi alizaliwa tarehe 13 Aprili, 1944, katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, katika Ziwa Viktoria. Lugha ya mama yake ilikuwa Kikerewe, kama vile lugha za mama zetu sisi wa Nyanda za Juu zilivyo Kihehe, Kibena, Kisafwa au Kinyakyusa. Mwanafunzi ye yote anayedhani kwamba Kiswahili cha kuandikia vitabu ni mali ya watu wa pwani peke yao, na alikumbuke jambo hilo. Kezilahabi alisoma katika Seminari ya Nyegezi, karibu na mji wa Mwanza, mahali ambapo vijana walilelewa ili wawe mapadri. Yeye hakuwa padri. Alikwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akamaliza masomo yake mwaka 1970, akawa mwalimu. Mwaka uliofuata, yaani 1971, East African Literature Bureau ilitoa riwaya yake ya kwanza. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 27 tu.

Jina la kitabu hicho wenzetu Wakatoliki wanalijua: ni jina mojawapo analoitwa Bikira Maria katika litania yake. Lakini Rosa wa kitabuni ni msichana wa Ukerewe, binti wa mlevi aitwaye Zakaria na mama mvumilivu aitwaye Regina. Rosa anapata barua ya mvulana, na baba yake anapoigundua anampiga kipigo kikali. Tangu siku hiyo Rosa anaogopa wanaume wote. Anakwenda shule ya sekondari ya wasichana huko Mwanza akiwa na hofu hiyo, wala hakuna mtu wa kumweleza cho chote zaidi ya hofu. Baadaye anafika chuo cha ualimu huko Morogoro, mbali na macho ya baba, na hapo hofu inageuka kuwa jambo jingine. Anapita mikononi mwa wanaume wanaompotosha, na mmoja wao ni mkubwa wa chuo mwenyewe, ambaye alipaswa kumlinda. Mwishowe mchumba aliyetaka msichana asiyeguswa anamwacha, naye Rosa anajiua.

Basi, kitabu kilipotoka kilizua kelele kubwa, kikapigwa marufuku mashuleni. Miaka ilipopita kikaruhusiwa, hata kikawa miongoni mwa vitabu vya kusomwa darasani. Sisemi kwamba waliokizuia walikuwa wajinga. Waliogopa kwamba msichana akisoma makosa ya Rosa atayafuata. Katika mdahalo wetu pia msemaji wa kwanza wa upande wa hoja alitoa methali hii: mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Alipigiwa makofi mengi. Lakini mimi nilikuwa nikijiuliza: Zakaria hakumchelea mwana kulia, alimpiga hata majirani wakasikia. Je, methali hiyo ilimsaidia nini Rosa?

Watu husema riwaya za mapenzi kana kwamba zote ni kitu kimoja. Kwa maoni yangu si kweli. Huko Uingereza alikuwako mwanamke aitwaye Barbara Cartland, aliyezaliwa mwaka 1901 na kufa mwaka 2000. Aliandika vitabu zaidi ya 700, navyo vilisomwa dunia nzima. Inasemekana alikuwa akilala juu ya kochi huku akisimulia, na karani wake akiandika. Msichana wake wa kitabuni ni mzuri, ni bikira, anakutana na bwana tajiri, anapata misukosuko kidogo, na mwisho ni ndoa. Kitabu kinakwisha mlangoni pa kanisa.

Hapa kwetu pia tumepata waandishi wa vitabu vidogo vya kusomwa safarini na vitandani. Katika miaka ya 1970 na 1980 vitabu vya namna hiyo vilienea sana mijini. Kajubi Mukajanga aliandika Mpenzi na Kitanda cha Mauti. Baadaye mtu huyo huyo akawa Katibu Mtendaji wa Baraza la Habari Tanzania. Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, aliandika Dar es Salaam Usiku na hadithi nyingi za Joram Kiango. Siwadharau waandishi hao hata kidogo. Wao walithibitisha kwamba Mtanzania hununua kitabu cha Kiswahili kwa fedha yake mwenyewe, bila kulazimishwa na mwalimu, na kwamba atakisoma mpaka mwisho. Hilo si jambo dogo.

Lakini nina sababu ya kutofautisha kitabu na kitabu, nayo imetoka nyumbani kwetu.

Kwetu ni Isimani, Mkoa wa Iringa. Ninaye dada aliyenizidi miaka minne. Mwaka 2018 alipokuwa Kidato cha Pili alipata mimba, akaondolewa shuleni, kama ilivyokuwa desturi kwa wasichana wote wakati huo. Nyumbani hakuna mtu aliyewahi kumweleza jambo lo lote juu ya wavulana, isipokuwa kwamba akionekana na mmoja atavunjwa miguu. Aliyoyajua aliyapata katika vitabu vidogo vilivyochakaa, alivyokuwa akiazimana na wenzake na kuvificha chini ya nguo sandukuni. Nilivisoma vyote baada ya yeye kujifungua. Vilikuwa vitamu, navyo vyote viliishia harusini. Hakuna hata kimoja kilichosema habari za mwezi wa pili, wala za kliniki, wala za mvulana anayehama kijiji usiku. Dada yangu alifuata njia aliyochorewa, na mwisho wa njia hapakuwa na kanisa.

Tangu mwaka huo Baba hakusema naye. Akitaka kitu kwake, alimwambia Mama, na Mama akamwambia dada, hata kama wote watatu wamekaa jikoni pamoja wakiota moto.

Mwezi wa Novemba, 2021, Serikali ilitangaza kwamba wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya mimba waruhusiwe kurudi. Dada alirudi mwaka 2022. Alikaa dawati moja na watoto wadogo kwake, akamwacha mwanawe kwa Mama, akavumilia kuitwa bibi, naye akamaliza Kidato cha Nne. Ada ya mtihani wa majaribio Baba aliitoa, lakini aliiweka juu ya meza akaondoka.

Likizo ya Juni mwaka jana nilitoka hapa Mbeya na Rosa Mistika ndani ya mfuko. Safari ni zaidi ya kilometa 300, nami nilikuwa nimefika nusu ya kitabu tulipopita Makambako. Nyumbani ilikuwa wakati wa kupukuchua mahindi. Baba alikiona kitabu juu ya gunia, akauliza ni cha nini. Nikamjibu kwamba ni cha masomo, kwa maana ndivyo kilivyo. Baba aliishia darasa la saba, naye husoma kwa kutembeza kidole chini ya mstari. Alianza usiku ule ule kwa taa ya sola, na sisi tukanyamaza.

Usiku wa pili aliniita. "Mwanangu," akasema, "huyu Kezilahabi aliwahi kukaa hapa Isimani?"

Nikasema, "Hapana, Baba. Yeye ni mtu wa Ukerewe."

Akatikisa kichwa. "Basi nyumba za watu ni moja."

Hakusema zaidi. Lakini usiku wa nne, alipokwisha maliza, alimwita dada. Hakumwita kwa kupitia kwa Mama. Alimwita kwa jina lake, akamwambia alete kigoda akae. Sikuyasikia waliyozungumza, maana Mama alinituma kisimani usiku ule wa baridi, ingawa ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Hiyo ndiyo sababu yangu ya kukitetea kitabu hiki. Mwandishi aliyependezesha mapenzi alimwonyesha dada yangu mlango tu. Kezilahabi alionyesha nyumba nzima, na katika nyumba hiyo alimweka baba mahali pa kwanza. Hakuandika ili kumcheka msichana aliyeanguka. Aliuliza ni nani waliomchimbia shimo. Nadhani ndiyo maana wazee wengi walikichukia kitabu hiki kuliko vijana walivyokichukia. Wahenga walisema, mficha maradhi, kilio humfichua.

Kezilahabi hakuishia hapo. Aliandika Kichwamaji mwaka 1974, na mwaka huo huo akatoa mashairi ya Kichomi, yasiyofuata vina na mizani. Washairi wa kale wakamshambulia sana. Zikafuata Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975, Gamba la Nyoka mwaka 1979, kisha Nagona na Mzingile, ambazo hata walimu wetu hukiri kuwa ni ngumu. Alipata udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 1985. Alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka mingi, baadaye akafundisha Botswana. Alifariki Dar es Salaam mwezi wa Januari, 2020. Mwaka 2025 Rosa Mistika ilitolewa kwa Kiingereza huko Marekani, zaidi ya miaka 50 tangu ilipotoka mara ya kwanza. Sasa wasomaji wa huko wanamjua Zakaria.

Walimu wetu wapenzi, sisemi kila kitabu kipewe kila mtoto. Kidato cha Kwanza wangoje. Lakini hoja ya kuondoa vitabu hivi vyote ikitekelezwa, vile vya sandukuni havitaondoka, wala hadithi za kwenye simu wakati wa likizo. Kitakachoondoka ni kile kinachosomwa mchana, mbele ya mwalimu awezaye kuulizwa swali.

Nanyi wazazi wetu, gazeti hili huja nyumbani kwenu pamoja na ripoti ya muhula. Mkimaliza kutazama alama, mwulizeni mwanenu anasoma riwaya gani. Kisha mwombeni awaazime.

Baba ameagiza nimletee kitabu kingine cha mtu yule yule. Nimemchagulia Dunia Uwanja wa Fujo. Ndani yake mkulima anamwua Mkuu wa Wilaya kwa ajili ya shamba, naye ananyongwa. Kilitoka miaka minne baada ya Krismasi ya mwaka 1971, siku ambayo Dk. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliuawa na mkulima Saidi Mwamwindi huko kwetu Isimani. Baba alisimuliwa habari hiyo na wazee wake tangu utoto. Safari hii nadhani hataniuliza kama mwandishi aliwahi kufika. Atakuwa na ya kwake ya kusema, na dada atakuwapo kumsikiliza.